Fremu Mbili na Barabara Moja

Nilifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo niliwazoesha vijana wengi kuhakiki riwaya na tamthiliya. Tulikuwa na utaratibu wetu: kwanza maudhui, kisha fani, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Sikupata kufikiri kwamba baada ya kustaafu na kurudi nyumbani Mwakitolyo ningeombwa kuhakiki baiskeli. Lakini ndivyo ilivyotokea, na nakiri kwamba hakuna kitabu kilichowahi kunisumbua kama fremu mbili zile.

Msomaji asiyeijua Mwakitolyo afahamu kwamba hapa baiskeli si mchezo. Tupo katika Mkoa wa Shinyanga, kwenye ukanda wa dhahabu unaoelekea Kahama na Geita, na kabla ya pikipiki kujaa, kila kilichohama hapa kilihamia juu ya keria. Pamba, mpunga, madumu ya maji, mgonjwa, bibi harusi, na viroba vya mawe kutoka kwenye duara kwenda kwenye karasha. Mjini Shinyanga baiskeli zilizobeba abiria ziliitwa daladala, sawasawa na mabasi ya Dar es Salaam, na hakuna aliyeona kichekesho. Baiskeli zenyewe zilikuwa za chuma: Phoenix kutoka China, Avon na Hero kutoka India, na zamani kidogo Swala yetu wenyewe. Phoenix ina uzito wa kilo ishirini hivi, na ikivunjika fremu, fundi aliye chini ya mwembe huichomelea ukiwa umekaa unasubiri. Chuma kilikuwa lugha ambayo kila mtu aliielewa.

Sasa mpwa wangu akaja na lugha nyingine.

Alikuja jioni moja ya Oktoba, wiki chache baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Kigali mwezi Septemba 2025, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Kutoka kwetu Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Vijana walitazama kwenye simu zao jinsi mabingwa walivyopanda vilima vya mji ule ambao malori yetu hupitia Tinde, Kahama na Rusumo kuufikia, na jambo lililokuwa la mbali likawa la jirani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nimekuja na neno."

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Duara lao lilikuwa limetoa, na baada ya mgawo alibaki na fedha ambazo hajawahi kuzishika maishani. Kwa miaka minne alikuwa akishinda mbio za sikukuu kwa Phoenix ile ile anayobebea viroba, akiwaacha wenye baiskeli za gia. Sasa alitaka baiskeli ya mbio ya kweli. Mwanza alikuwa ameona mbili, zote zilizotumika Ulaya. Moja ilikuwa na fremu ya alumini, nyingine ya kaboni. Ya kaboni ilikuwa na bei ya karibu mara mbili, na ingemaliza fedha zote. Ya alumini ingebakiza kiasi.

"Wewe ni msomi, mjomba. Niambie ipi ni bora."

Dada yangu, mama yake, alikuwa amekuja nyuma yake kimya kimya, akasimama mlangoni. Nyumba yake ilikuwa bado ya nyasi, na mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia. Hakusema lolote juu ya mabati. Aliuliza tu, "Hiyo kaboni ni kitu gani?" Nilipomweleza kwamba kaboni ni jamaa ya makaa, alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwa hiyo mtoto anataka baiskeli ya mkaa!"

Tulicheka sote, lakini usiku sikulala vizuri. Shemeji yangu, baba wa kijana huyu, alifukiwa na duara akiwa na miaka thelathini na minne. Mtoto huyu anashuka mashimo yale yale. Mbio za baiskeli ndiyo njia pekee ninayoiona ya kumtoa chini ya ardhi. Na baiskeli mbaya, kwa kasi ya kilometa hamsini kwa saa mteremkoni, inaweza kumfanyia mtu jambo lile lile lililofanywa na mwamba. Kwa hiyo nilichukua daftari, nikaanza uhakiki kama zamani.

Hoja ya kwanza ya wauzaji ni kwamba kaboni ni nyepesi, hivyo ina kasi. Kwamba ni nyepesi ni kweli. Fremu nzuri ya alumini ya baiskeli ya barabarani ina uzito wa kama kilo moja na nusu kasoro, na ya kaboni nzuri huwa chini au karibu ya kilo moja. Tuseme tofauti ni nusu kilo. Lakini barabarani fremu haiendi peke yake. Mpwa wangu ana kilo sitini, na baiskeli nzima inakaribia tisa. Nusu kilo ndani ya mzigo huo haifiki hata asilimia moja. Katika mlima wa kupanda saa nzima, nafuu hiyo ni kama nusu dakika. Kwa mtu anayegombea ushindi kule Kigali, nusu dakika ni kubwa mno, na sitaidharau. Lakini huku Usukumani mlima wa saa nzima uko wapi? Nchi yetu ni tambarare, na mpanda baiskeli akivuka kilometa thelathini kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake inakwenda kuupasua upepo, siyo kubeba fremu. Nusu kilo ni chupa moja ndogo ya maji. Akiinywa njiani, ameshageuza alumini kuwa kaboni.

Hata wakubwa wenyewe wamewekewa mpaka. Tangu mwaka 2000 chama cha kimataifa cha mchezo huo hakiruhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake. Tena alumini si ya watu walioshindwa. Marco Pantani alishinda Tour de France ya 1998 kwa baiskeli ya alumini, akiwaacha wenzake milimani. Ni kweli kwamba baada ya hapo kaboni ilitawala, na leo huwezi kuona alumini katika timu kubwa. Lakini timu kubwa ina gari linalofuata nyuma na baiskeli za akiba juu ya paa. Mpwa wangu nyuma yake anafuatwa na vumbi.

Hoja ya pili ni ya wasemaji wa vijiweni: kwamba alumini ni ngumu, inatikisa mifupa, na kaboni ni laini kama godoro. Hapa yafaa tueleze jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, na pia ukakamavu wake ni karibu theluthi moja. Mtu akitengeneza fremu ya alumini kwa mabomba membamba kama ya Phoenix, itapinda kama mjeledi. Kwa hiyo mafundi hupanua bomba na kupunguza unene wa ukuta wake. Bomba likiongezwa upana mara mbili kwa ukuta wa unene ule ule, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Ndiyo maana fremu za alumini zina mabomba manene, na ndiyo maana za zamani zilisifika kwa ugumu. Ugumu ule ulitoka kwenye umbo zaidi kuliko kwenye madini. Kaboni nayo inaweza kufanywa ngumu au laini, kadiri mtengenezaji atakavyolaza nyuzi zake. Na mwendo laini unaotajwa, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye matairi. Tairi nene kidogo lenye upepo wa kadiri litampumzisha kijana kuliko fremu yoyote. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni kama fremu ina nafasi ya kupitisha tairi nene, na swali hilo hakuna aliyeliuliza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: ipi itavunjika, na itavunjika vipi?

Hapa lazima nitoe ushuhuda wangu. Mwaka 1996, nikifundisha mbali na nyumbani, nilinunua baiskeli ya mtumba ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya. Niliipenda kupita kiasi. Siku moja niliona mstari mwembamba kama unywele chini ya shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Nikasema ni mkwaruzo wa rangi. Wiki tatu baadaye mstari ulikuwa umezunguka nusu ya bomba. Nilimpelekea fundi hodari wa kuchomelea chuma, akawasha moto wake wa gesi. Chuma huonya kabla ya kuyeyuka, kwani huwa chekundu. Alumini haibadiliki rangi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na fundi yule alikuwa bado anasubiri wekundu wakati bomba lilipodondoka kama uji. Nilitembea kilometa kumi na nne na fremu begani. Kwa miaka mingi niliilaumu alumini. Siku hizi naona kwamba baiskeli ile ilinisemesha kwa wiki tatu, nami mwalimu wa kusoma sikuisoma.

Ukikunja waya huku na huku mara nyingi hukatika bila kuvutwa kwa nguvu, na huko ndiko kuchoka kwa madini. Chuma kina kiwango ambacho mzigo ukiwa chini yake, fremu inaweza kukunjwa na kukunjuka mamilioni ya mara isikatike. Alumini haina kiwango hicho. Inahesabu kila mtikisiko, hata mdogo. Fremu iliyoundwa vizuri huanza na akiba kubwa, ikadumu miaka mingi, lakini iliyotumika imeshakula sehemu ya akiba hiyo, nawe huijui. Hili lilikuwa dosari kubwa ya baiskeli ya kwanza, na nililiandika wazi kwenye daftari.

Kaboni je? Dada yangu hakukosea sana aliposema mkaa. Nyuzi zile huanza kama nyuzi za plastiki, zikachomwa katika tanuri lisilo na hewa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mpaka kinachobaki karibu chote ni kaboni. Mchoma mkaa wetu anayefunika magogo kwa udongo ili yasishike moto anaijua kanuni hiyo. Kisha nyuzi hulazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya gundi, kama sisi tulivyochanganya nyasi na udongo kujenga ukuta. Nyasi peke yake haisimami, udongo peke yake hupasuka, lakini vikiwa pamoja ukuta unasimama. Fremu ya namna hiyo ikitunzwa haichoki upesi kama alumini. Wanaosema kaboni ni kama yai wanaionea. Adui yake ni pigo la pembeni: jiwe lililoruka, baiskeli iliyoangukia ukingo, spana iliyokaza kuliko ilivyoandikwa. Tabaka zinaweza kuachana ndani huku rangi ya nje ikibaki nzuri. Na fremu iliyoumia hivyo inaweza kukatika ghafla. Inatengenezeka, tena vizuri, kwa mtu mwenye kitambaa, gundi na ujuzi. Mtu huyo Mwakitolyo hayupo.

Nilipomsomea kijana maelezo haya alisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza swali lililoniumiza.

"Mjomba, unanichagulia baiskeli ya kukimbia au ya kutovunjika?"

Nikanyamaza. Alikuwa amenikamata. Mhakiki anayeogopa jambo hulipa jina la kanuni. Nilikuwa nimejaza kurasa sita za hoja, na chini ya kila hoja alikuwa amelala shemeji yangu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, hakufika kushinda Tour de France mara nne kwa kupewa baiskeli ya kutovunjika. Alipokuwa mtoto alijifunza kwa David Kinjah kule Kikuyu, kwa baiskeli walizoziweza, halafu akaendelea na zilizo bora. Je, mimi nilikuwa nani wa kumpimia mtoto ndoto yake kwa woga wangu?

Nikamwambia, "Twende Mwanza tukazione. Utachagua mwenyewe."

Tulikwenda. Baiskeli ya kaboni ilikuwa nzuri kweli, nyeusi, mistari yake imekwenda kama maji. Niliinyanyua kwa vidole viwili nikaelewa kila kitu ambacho daftari langu halikukielewa. Ya alumini ilikuwa ya kijivu, imechubuka, viungo vyake vya kuchomelewa vikionekana kama makovu.

Ndipo mpwa wangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichutama, akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga fremu ya kaboni polepole, sentimeta kwa sentimeta, sikio likiwa karibu. Nilipouliza anafanya nini, alijibu bila kuinua kichwa.

"Kama dari ya duara, mjomba. Mwamba mzima unalia. Mwamba ulioachana unaguna."

Alifika kwenye bomba dogo la nyuma, upande wa mnyororo, akarudia mahali pamoja mara nne au tano. Mimi nilisikia sauti ile ile. Yeye alisema hapana, hapa sauti imezama. Muuzaji alisema ni unene wa tabaka tu. Kwa haki lazima niseme kwamba muuzaji huenda alisema kweli. Kugonga kwa sarafu hakutoi hukumu ya uhakika, kwani sauti hubadilika hata pale tabaka zinapozidi unene kwa makusudi. Ili kujua hasa ungehitaji mashine ya kupiga picha za ndani. Mpwa wangu alimwuliza muuzaji baiskeli hii iliwahi kuanguka? Hajui. Ilitoka kwa nani? Hajui. Ilikazwa na nani? Hajui.

"Basi duara hili sishuki," akasema.

Kisha akaigeukia ya alumini. Aliifuta vumbi kwa kitambaa, akaichunguza chini ya shingo, kwenye kiungo cha pedali na penye viungo vya nyuma, mahali ambapo mstari wa unywele huanzia. Aliichunguza kwa nusu saa. Hakuona kitu, tairi nene lilipita, akalipa.

Sasa nihitimishe kama mhakiki. Nikiulizwa ipi ni fremu bora, kaboni au alumini, nitajibu kwamba katika kazi ya kwenda kasi kaboni imeshinda, na anayebisha atazame mashindano yoyote makubwa ya leo. Kama kijana huyu angekuwa na timu, fremu mpya yenye dhamana, na fundi mwenye spana ya kupimia nguvu, ningemwambia achukue kaboni na asiniangalie usoni. Lakini kwa mtu anunuaye fremu iliyotumika, asiyejua historia yake, na anayekaa mbali na fundi wake, sifa ya kwanza si wepesi. Sifa ya kwanza ni kuweza kusomeka. Alumini ina dosari zake nyingi, lakini kwa kawaida huandika ufa wake juu ya ngozi kabla ya kukatika, na mwenye macho na subira anaweza kuusoma. Dosari ya daftari langu ni kwamba nilitafuta jibu hilo kwenye takwimu, wakati kijana alikuwa nalo masikioni, amelipata mahali nisipotaka ajifunze chochote.

Fedha iliyobaki haikutosha paa zima. Ilitosha mabati ya chumba kimoja, cha dada yangu, na yaligongomelewa wiki moja kabla ya mvua. Baiskeli inaning'inia humo humo, imefungwa gunia, mbali na mbuzi. Kijana bado anashuka duara, ila Jumamosi na Jumapili huipeleka barabara ya lami na kufanya mazoezi alfajiri kabla malori hayajawa mengi. Kila Ijumaa jioni huifuta, na mimi huenda kumshikia taa. Tunaanzia chini ya shingo.